Elektroni za Mbali na Foleni ya Mgawo

Mwanangu Esperansi,

Mama Furaha, yule Mkongomani wa Kivu anayeuza vitenge hapa soko la Giheta na huko kwenu Muyinga, alinikuta Alhamisi nikichagua maharagwe. Hata kunisalimu hakunisalimu.

"Mzee, nimeona ule mutoto yako kule Muyinga. Iko muzuri, ananenepa. Lakini iko na roho ngumu kama we."

Nikamuuliza roho ngumu katika lipi.

"Mujukuu wako, ule Neema, walimu wanataka aende siansi. Mama yake anakataa. Anasema fizikia ilishakula mutu moja mu ile nyumba, inatosha."

Watu waliokuwa karibu walicheka. Nami nilicheka kidogo, kisha nikarudi nyumbani bila maharagwe. Imenichukua siku tatu kushika kalamu.

Unalikumbuka darasa letu kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania: kuta za matofali tuliyofyatua wenyewe, turubai juu, ubao uliopakwa unga wa betri kuukuu. Hatukuwa na waya wala balbu za majaribio, hivyo nilifundisha umeme kwa kitu ambacho kila mtoto alikijua, yaani foleni ya mgawo wa chakula. Elektroni ni watu katika foleni, nilisema. Kila mmoja anasukumwa na aliye nyuma yake, naye anamsukuma aliye mbele yake. Walio mbali hawamhusu. Niliipenda sana picha hiyo. Walimu wengine waliiazima.

Wewe ulinyoosha mkono. Darasani uliniita Mwalimu, kama wenzako.

"Mwalimu, wewe hupangi foleni. Mama ndiye anayepanga."

Darasa zima likaangua kicheko.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hujaona. Mafuta yakiisha kule mbele, watu wa nyuma kabisa wanageuka kabla hawajaguswa na mtu. Foleni yote inayumba mara moja."

"Hao wana macho na masikio. Elektroni haina masikio. Kaa chini."

Ulikaa. Lakini katika mtihani wa mwisho, swali la sita, uliandika jambo lile lile, safari hii kwa kanuni. Ulisema chaji husukumana hata zikiwa mbali, nguvu hupungua kadiri umbali unavyoongezeka lakini haiishi, sasa kwa nini zile za mbali zisihesabiwe? Nililikata jibu lako kwa wino mwekundu, nikakupa sifuri. Mwaka ule ilikuwapo nafasi moja ya kwenda kusoma sayansi nje ya kambi, na mimi ndiye niliyetakiwa kutoa jina. Nikatoa jina la mwenzako. Uliponiuliza sababu, nilikujibu kwa maneno matatu: "Swali la sita."

Amani ikaja, tukarudi nchini kwetu. Tulivuka mpaka wa Kobero asubuhi, tukaandikishwa, na Muyinga ukashuka wewe na mumeo kwenda kijijini kwao, kwenye kilima cha ukoo wake. Mimi niliendelea na basi hadi huku Giheta, mkoani Gitega. Uliniambia "Haya, fika salama," kama mtu anavyomwambia abiria mwenzake. Tangu siku hiyo ni saa chache tu za barabara kati yetu, na hakuna aliyezisafiri.

Mwalimu kijana wa sekondari moja hapa Gitega huniazima majarida ya sayansi ya Kifaransa. Humo nimesoma habari za metali ambazo wataalamu wenyewe wanaziita za ajabu. Nakueleza kama nilivyoelewa. Katika waya wa shaba, ile picha yangu inafaa kwa kiasi chake. Elektroni zilizo jirani hujipanga upya kuzunguka chaji ya mwenzao hadi inakuwa kama imefunikwa, na zilizo mbali haziihisi. Ndiyo maana tunaweza kuihesabu kila moja kana kwamba iko peke yake. Metali za ajabu hazikubali hesabu hiyo. Ukizipasha joto kuanzia kwenye baridi kali, ukinzani wake hupanda kwa mstari ulionyooka kama wa rula, mahali ambapo mstari wa shaba hupinda. Baadhi ya wataalamu wanadhani kwamba humo ule ufuniko hautoshi. Msukumano unafika mbali, elektroni nyingi zinaitika kwa pamoja, wala huwezi kunyoosha kidole ukasema mwendo huu ni wa elektroni hii. Bado wanabishana, na sijui nani atashinda. Ninachojua ni kwamba swali uliloniuliza chini ya lile turubai ndilo wanalobishania. Ulistahili kujibiwa, si kukalishwa.

Ningeweza kuishia hapa, nionekane mzee aliyekosea kwa kutojua. Si kweli. Hata wakati ule nilijua kwamba nguvu ya chaji haina mpaka wa umbali. Ilikuwa kwenye kitabu changu, na ukurasa wenyewe niliujua. Nilijua jibu lako si la sifuri. Niliogopa watu waseme Mwalimu amempa binti yake nafasi. Nikatafuta kosa, nikalichora mwenyewe mahali ambapo halikuwepo. Mama yako aliniuliza jioni ile, "Baba Esperansi, umeogopa nini?" Nikamjibu habari za elektroni. Hakuuliza tena hadi alipofariki, na tulimzika huko huko kambini kabla sijamjibu.

Kwa hiyo fizikia haina kesi, mwanangu. Ni mimi.

Neema sijawahi kumwona. Nasikia anauliza maswali hadi anawachosha watu, na kwamba shule inataka sahihi ya mzazi kabla ya Ijumaa. Sikuombi unisamehe, hilo si jambo la kuombwa kwa barua. Una haki ya kunikataa. Usinijibu, na siku nikija usinifungulie mlango, nitajua ni kwa nini nimesimama nje. Lakini nikatae mimi. Karatasi ya mtoto itie sahihi.

Wasalimie wote hapo kilimani.

Baba yako,
Giheta