Jina Lako na Kombora Lao

Baba,

Jaribio, kwa maana uliyonifundisha, ni tendo ambalo anayelifanya yuko tayari kupokea jibu asilolitaka. Utayari huo ukikosekana, ulisema, hilo si jaribio tena, ni gwaride. Naanza na maana hiyo kwa sababu nimechoka, na mtu aliyechoka huhitaji kushika kitu kilichonyooka kabla ya kusema lolote.

Bado tunaishi huku ugenini, Al Wukair, katika nyumba ile ile ulimouguzwa mpaka mwisho. Uwanja mtupu uliokuwa ukiutazama kutoka kitandani umejaa majengo. Mimi bado nakagua mifumo ya kuzima moto katika minara ya Lusail. Naachia moshi wa bandia, nasubiri king'ora kilie, na mara nyingi mkandarasi aliyesimama kando yangu huniomba nisisubiri sana. Mwanangu Kirimi ameanza shule. Mke wangu Naomi humkaripia kwa jina lake, kisha hujishika mdomo na kunitazama, kana kwamba amemkaripia baba mkwe.

Sasa jeshi limeliomba jina hilo.

Kanali yule aliyekutembelea hapa alikwenda kijijini kwa Mama. Lipo kombora jipya, la kwanza kukamilika tangu ustaafu, nao wanataka liitwe Kirimi. Mama aliwaambia kwamba neno la nyumba yetu hutolewa na kifungua mimba, kwa hiyo wananingoja mimi. Alinipigia simu siku hiyo hiyo, na sauti yake sikuwahi kuisikia ikiwa changa namna ile. "Wamekuja na magari matatu," alisema. "Wamekaa kwenye viti vyangu, wamekunywa chai, wameniita mke wa Jenerali, na majirani wako uani wanasikia. Unajua hao majirani wamekuwa wakiniitaje? Mama Bohari!"

Najua. Nilikua chini ya jina hilo. Ulianza kama ofisa wa mizinga. Ukapelekwa ng'ambo kusomea fueli za roketi. Ukarudi ukapewa majengo yaliyoandikwa getini kwamba ni bohari, na humo ndani ukafanya kazi yako yote mpaka ukawa jenerali. Kanisani ulisema unashughulika na buti na mablanketi. Mzee wa kanisa alipokuomba mablanketi ya watoto yatima, ulikwenda mjini ukayanunua dukani, ili asije akajua kwamba bohari yako haina hata blanketi moja. Mama alijua, akanyamaza. Alinyamaza katika harusi, katika vikao vya akina mama, na hata shemeji zake walipomcheka kwamba mumewe amepanda vyeo kwa kuhesabu soksi.

Na hapa pia uliendelea kuwa mtu wa bohari. Okello, mlinzi wa geti letu, yule Mganda, alikuwa akicheza nawe drafti kwa vifuniko vya soda kila jioni, joto lilipopungua. "Ndiyo maana unashindwa, mzee," alikuwa akikuambia. "Mtu wa stoo hataki kitu itoke! Toa hiyo kete, si yako, ni ya serikali!" Ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha Kanali akaja, amevaa suti, na alipokuona pale kwenye kiti cha plastiki alikakamaa akakupigia saluti. Okello naye akasimama, kifuniko mkononi. Kesho yake alikuja mlangoni. "Afande, kumbe kila jioni nimekuwa nakula jenerali!" Ukamjibu, "Endelea kula. Hapa geti ni lako."

Ni Kanali huyo huyo aliyekutamkia ombi hilo kwa mara ya kwanza, siku ile, sebuleni kwetu. Mama alikuwapo, amekuja kukuuguza, mimi nilikuwa nikimimina chai. "Mzee, tungependa ile mpya ibebe jina lako." Ulicheka. "Ngojeni kwanza nife," ulisema, ukamuuliza habari za magoti yake. Kanali alisikia ndiyo. Mama naye alisikia ndiyo. Mimi nilisikia hapana, na tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kama masikio yangu yalikuwa ya mwana au ya mkaguzi.

Nilikuwa na sababu. Ulikwisha kunieleza, ukiwa kitandani hapa, kwa nini makombora yako yote yalikuwa na namba tu. Ulipokuwa mwanafunzi ng'ambo, uliona roketi iliyopewa jina la shujaa wao aliyekufa. Mafundi waliona nyufa katika fueli yake, wote waliziona, na hakuna aliyeandika ripoti. "Nani angeandika kwamba shujaa ana nyufa?" uliniuliza. Ililipukia kwenye mnara wake wa kurushia. Ndipo ukaweka sharti katika idara yako: kisichoweza kufutwa kisijengwe, na chenye jina hakifutiki. Namba Saba uliifuta wewe mwenyewe, baada ya miaka ya kazi, na vijana wako walilia. Siku hiyo ulirudi nyumbani ukala, ukaomba uongezewe mboga.

Hoja hiyo ingenitosha mbele ya Kanali. Kijana gani, Baba, atathubutu kuandika kwamba Kirimi ana kasoro? Kila jaribio litakalofuata litakuwa gwaride.

Lakini ipo hoja nyingine ambayo si yako, ni yangu. Kwetu jina la babu hupewa mjukuu ili babu aendelee kuitwa mezani. Mama anapopiga simu humtaka kwanza "mume wangu", na mtoto hukimbia kuishika akijua ni yeye. Jina limekwisha kupata mtu. Na ipo siku kombora hilo litatumwa mahali ambapo shabaha si ya mbao. Katika maisha yangu yote sikukusikia ukisema kombora linaua, ulisema linafika. Mtangazaji hatatumia neno lako. Atasema Kirimi imeua, atataja na wangapi, na mwanangu atakuwa amekaa hapo anakula.

Basi nimemwandikia Kanali kwamba familia inashukuru na haikubali. Kisha nikampigia Mama. Alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," alisema. "Wewe ndiye mkubwa." Hakumtaka mume wake siku hiyo. Sijapata kuisikia sawa nzito kama ile, na sina pa kuiweka.

Nakuahidi jambo moja. Likizo ijayo nitakwenda nyumbani, niwaite majirani wale wale na shemeji wale wale, Mama nimketishe mbele yao, nami niwaeleze kazi yako kwa maneno ya wazi: ulitengeneza nini, kilifika umbali gani, na kilikusudiwa kufanya nini kikifika. Kisha niwaeleze aliyekubebea siri hiyo. Najua maneno yangu si magari matatu uani. Ndiyo niliyo nayo.

Pumzika, Baba. Kazi ya kukuita tunaiweza.

Ila siwezi kufunga bila kukuambia hili. Ulipocheka siku ile sebuleni, hukumtazama Kanali, wala hukunitazama mimi. Ulimtazama Mama. Je, ulikuwa unakataa kwa adabu, kama nilivyoamua kuamini, au ulikuwa unamwachia yeye kitu pekee ambacho hukuruhusiwa kumpa mbele ya majirani ungali hai?

Mwanao