Mke Wangu Hutembea Nikiwa Msikitini

Mpendwa Mshauri Nthambi, naomba msaada, na jibu lako lisipambwe, maana katika umri wangu sihitaji kubembelezwa. Nina miaka sabini na mmoja, nilifundisha jiografia Kismayu kabla vita havijatutoa, na sasa naishi mtaa wa Tassia, ghorofa ya pili, na mke wangu Luul, ambaye miezi saba iliyopita alipata kiharusi akapooza upande wa kushoto. Mbeti, mtaalamu anayemfanyisha mazoezi, alitueleza kwamba sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki, ila sehemu zilizo nzima zaweza kujifunza kazi yake, mradi mguu urudie hatua mara nyingi, nami nikafurahi, na siku Luul alipopiga hatua nne za kwanza niliwatangazia wenzangu msikitini, wakaja na wake zao kumjulia hali, nyumba ikajaa, nikamwomba atembee hadi mlangoni wamwone, akaanguka mbele yao.

Tangu siku hiyo, nikiwepo, hasogei bila mkono wangu. Lakini jirani yetu Jacklyne aliniambia, "Mzee, si mama amepona? Nimemwona kwa koridoo saa kumi akijiendea peke yake," na saa kumi mimi huwa msikitini, basi nikaanza kuchunguza, nikakuta alama za vidole ukutani, nikakuta kandambili zimegeuzwa, na juzi nikarudi mapema, nikasimama nje ya mlango nikamsikia akihesabu hadi ishirini na tatu, nikangoja anyamaze, nikaingia, naye alikuwa ameketi kitandani, akasema, "Jimale, nipe mkono niende msalani." Nikampa, nikamsindikiza.

Mwanetu Abdirizak humpigia simu kutoka Garissa akimtaka akaishi kwake, nami nashuku kwamba anajifunza kutembea ili aniache. Tulipokimbia vita nilimshika mkono huyu siku kumi na moja, kutoka nyumbani hadi mpakani. Mbona sasa ananificha miguu yake? Nimuulize, au niendelee kumvizia?

Jimale, Tassia

Mzee Jimale, shikamoo, na pole kwa miezi saba hiyo. Sasa acha kukagua ukuta. Wewe ni mume, si askari kanzu.

Soma tena barua yako. Kuanguka kwake umekupa maneno matatu, halafu ukahamia kwenye kandambili. Mbeti alikueleza sawasawa: ubongo wake unajifunza upya, na mtu hujifunza kwa kukosea na kurudia. Wewe ulimletea watazamaji akiwa na hatua nne tu. Nadhani amekwenda kutafuta mahali ambapo anaweza kukosea bila kuonwa.

Kuhusu Garissa, mimi sijui, na wewe hujui. Ila anayetaka kwenda kwa mwanawe hahitaji hatua ishirini na tatu. Angebebwa hadi kwenye gari.

Kinachonitisha mimi ni ile koridoo. Mko ghorofa ya pili, hapakosi ngazi, naye yuko peke yake. Kwa hiyo leo hii keti naye, mwambie ulimsikia, na umwombe radhi kwa siku ya wageni kabla hujamuuliza lolote. Kisha Mbeti aseme afanyie wapi mazoezi, na akufundishe kusimama upande wake wa kushoto, nyuma kidogo, mikono tayari lakini haishiki. Ukienda kuswali, mwombe Jacklyne akae naye, ikiwa Luul atakubali.

Wenzako msikitini wakikuuliza hali yake, wajibu kwamba anaendelea. Hesabu ya hatua ni yake. Siku atakayokutajia hatua ya ishirini na nne, usiende nayo popote.