Muhtasib wa Mto Mmoja

Jumamosi, 4 Januari
Ijulikane kwa wote, yaani kwa daftari hili: leo baada ya kahawa nimejiteua muhtasib wa nyumba yangu hapa Bawshar, Maskati. Hakuna aliyepinga. Mama alikuwa amelala.

Muhtasib ni mkaguzi wa soko wa enzi za makhalifa. Wiki ya pili hii nasoma khabari zake. Sheria kali: sufu kuukuu isichanganywe na mpya, wala isiloweshwe ikazidi uzito. Mdanganyifu huzungushwa sokoni, watu wamwone. Hilo la kuzungushwa nalipenda sana.

Jumatatu, 6 Januari
Shingo inauma. Mwanaidi, anayefanya kazi za nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, karudi kutoka likizo kwao Muheza na gunia zima la kujazia mito. Anawashonea mabibi jirani wa dada. Kaniletea wangu. "Sufi tupu hiyo, Baba." Suf! Kwa Kiarabu, manyoya ya kondoo. Nikaona nimepata la kukagua.

Jumanne, 7 Januari
Nimechomoa kidogo, nikatia kiberiti. Sufu ya kweli hunuka nywele zilizoungua. Hii iliwaka fuu, kama karatasi. Ghushi. Nimempigia dada. Neno hilo nimelitamka mara tatu, kwa utamu.

Alkhamisi, 9 Januari
Mabibi wawili wamerudisha mito. Dada hamwongezei Mwanaidi mkataba. Mwisho wa mwezi arudi kwao. Ana watoto wawili skuli.
Basi nimemzungusha sokoni, kwa simu tu. Nna haki. Nna haya vilevile. Sikula.

Ijumaa, 10 Januari
Mama kauona mto, kaubinya, kauliza nani kaleta sufi. Nikamweleza kisa. Kacheka mpaka kakohoa. Sufi ni ya mti. Msufi ulikuwa uwanjani kwao Unguja. Ya kondoo ni sufu. Mimi na dada tumezaliwa Maskati, msufi hatujauona hata kwa picha.
"Umesoma vitabu, hukusoma miti. Mjinga we."

Nimekwenda mwenyewe kwa dada, si kwa simu. Nimesema mbele ya dada na wale mabibi: kosa langu, mwanamke hakudanganya. Mwanaidi hakuacha kupiga pasi.
"Baba, kwetu Muheza kondoo hawapandi miti."
Mabibi wakaangua kicheko. Dada hakucheka. Kaagiza karatasi za mkataba.

Jumapili, 12 Januari
Dada katia sahihi. Nimejiuzulu.
Mto nimeulalia siku mbili. Shingo bado inauma.