Baba Hataki Kuchekwa na Vibarua Wake

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, mimi ni msichana wa kidato cha tatu hapa Ngonga, darasani nikiulizwa kwa Kiingereza nanyamaza, kwa Kiswahili nanyamaza vilevile, lakini nikivaa mabuti ya baba na simu ikianza kurekodi, aibu sijui inakwenda wapi.

Likizo hii nimetengeneza filamu ya kuchekesha na rafiki yangu Lusungu, ambaye kila mavuno anavuka mto Songwe na mama yake kutoka Malawi kuja kuvuna mpunga wetu. Mimi ni bosi, yeye kibarua. Nusu ya kwanza bosi anawapakulia vibarua wali, wanamaliza, wanashukuru, "Ndaga, bosi," halafu wamekaa tu.

"Mbona hamrudi shambani?"

"Tunasubiri chakula, bosi."

Maana kwao bila nsima, yaani ugali, mtu hajala. Nusu ya pili aliitunga Lusungu: bosi anatembelea kwao, analishwa nsima mpaka mkanda unakatika, naye anauliza, "Sasa wali unakuja saa ngapi?"

Baba aliona ya kwanza akacheka mpaka akakohoa, kufika ya pili akautambua mwendo wake, ule wa kurusha mguu, akafoka, "Vibarua wangu wanicheke kwa mdomo wa mwanangu? Toa!" Nikaikata, ingawa bado ninayo kwenye simu, na Jumamosi vijana wa kanisa wataonyesha hiyo nusu moja, na Lusungu ameniambia, "Kumbe mlitaka kutucheka sisi tu," na tangu hapo anavuna mbali nami. Filamu ni nzuri, shangazi, hilo nalijua. Nifanyeje nisimpoteze?

Bosi wa Mabuti, Ngonga

Marahaba, Bosi. Pole, ila hapo tatizo si aibu. Umemwogopa baba, halafu mzigo ukamtwisha Lusungu.

Kuchekesha unajua, sibishi. Lakini hebu niambie: mmeigiza watu wanaosubiri ugali, mmerekodi, mmecheka, je, kuna aliyewapikia huo ugali? Mama yake Lusungu anainama juani kutwa nzima akijihesabu hajala! Kesho songa ugali mwenyewe, upeleke shambani, na umwombe Lusungu radhi mama yake akisikia. Maneno machache yanatosha, tena ndiyo unayoyaweza.

Kisha baba. Usibishane naye, wala usimzunguke ukaionyesha kwa siri. Mwombe mama amketishe, useme, "Baba, kama wewe kuchekwa kunakuuma, na wao kunawauma." Unyamaze hapo. Akikubali, rudisha nusu ya Lusungu. Akikataa, waambie vijana wa kanisa Jumamosi waimbe kwaya, filamu hakuna. Sura iliyomo ni ya Lusungu, na bila ridhaa yake usimwonyeshe mtu hata mmoja.