Kaye Kumi na Moja, Mimba Moja

Bukavu, Nguba, 4 Machi 2024

Mutoto wangu Bibiane,

Hii barua inatoka kwa mutu mwenye bila yeye masomo ya Bukavu ingekuwa imekwisha kulala chini. Juzi enspektere wa masomo alisimamisha gari katikati ya barabara, akashuka, akaniuliza vile nchi itafundishwa. Tuko wazima, ni mugongo tu. Na wewe, joto ya Luberizi inakuacha?

Sasa sikia uchafu. Ulipokuja kutufundisha sisi walimu, ulisema kila mumoja aandike Ijumaa mu kaye, daftari yake, somo gani ilimushinda, na sababu gani, kisha asomee wenzake. Mimi chef wa cellule, kikundi chetu cha walimu, nikakusanya kaye kumi na moja. Muzee Placide, ndevu nyeupe, ameandika: « Leo nimefundisha nikikaa, mimba yangu imekuwa nzito. » Yannick wa mazoezi ya mwili, vilevile. Zote kumi na moja! Mwenye mimba ni Mireille, alienda kuzaa tangu Februari, akaacha kaye yake juu ya meza, wote wakainakili.

Nikamuuliza muzee mbele ya wote: « Papa Placide, iko ya miezi ngapi? »

« Chef, ulisema tujaze. Nimejaza. »

Hata haya hana. Niliwafokea mpaka wavuvi wa ziwa wakaacha kupiga kasia. Hawa si walimu, ni mashini ya fotokopi. Waripoti kwa wakubwa wako.

Tonton yako, Grégoire


Luberizi, 15 Machi 2024

Tonton mupendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa bibi yako maman Delphine. Afya iko, mbu pia wako. Mugongo wako, paka mafuta ya moto.

Nilicheka, kisha nikasoma barua yako tena. Wakubwa wanataka kaye mbele ya tarehe 30 Aprili. Wakikuta uongo mutupu, wanaondoa shule yenu kwenye programu ya kufundisha walimu, na hakuna mutu atakuja tena kuwasaidia. Nikipata ukurasa mumoja wa kweli, nitawatetea.

Lakini tonton, bila Mireille muko walimu kumi na mbili. Nimehesabu kaye kumi na moja. Yako iko wapi?

Binti yako, Bibiane


Bukavu, 2 Aprili 2024

Bibiane,

Tunapumua. Delphine anakusalimia.

Ulizo lako limenichukiza. Chef haandiki, chef anasimamia. Mimi nilifundisha watu wenye leo ni badokteri, mumoja ananiita mpaka leo kutoka Ulaya akitafuta mashauri. Somo inishinde mimi? Uliza hao wenye mimba.

Tonton


Luberizi, 13 Aprili 2024

Tonton,

Nakuombea afya. Sikukutukana. Mimi mwenyewe wiki iliyopita nilifundisha walimu saa mbili nzima, na mwishoni hakuna aliyeelewa. Nimeiandika, nikawasomea, wakanisaidia. Sikufa.

Zimebaki siku kumi na saba.

Bibiane


Bukavu, 28 Aprili 2024

Mutoto wangu,

Usiulize habari ya mugongo. Nimekawia kwa sababu karatasi tatu nimezipasua, zote zilikuwa zinanisifu.

Chukua huu ukurasa. Jumanne, mwaka wa tano, hesabu. Ariane, katoto ka mbele, aliuliza: « Papa mwalimu, tukigawanya sita kwa nusu, mbona inakuwa kumi na mbili? Kugawanya si kupunguza? » Darasa yote ikaniangalia. Nikamutuma kwa direktere kuleta chaki. Chaki ilikuwa ndani ya mufuko wangu. Aliporudi nilikuwa nimefuta tableau, tunaimba.

Niliwachukia wale kumi na moja. Leo nikisoma huu ukurasa, Placide ananizidi: yeye alinakili mbele ya watu.

Njoo ukae nyuma ya darasa yangu, siku unayotaka. Nitausoma ukurasa huu mbele ya cellule Ijumaa, hata Placide acheke. Ile somo naikataga katikati kila mwaka, miaka kumi na tisa sasa, kwa sababu hata mimi sijui mbona inakuwa kumi na mbili.

Tonton yako, Grégoire