Cherehani ya Mwalimu Remedios

Shoga, nimechoka. Nipo kwa Mwalimu Remedios, yule aliyetufundisha kusoma hapa Iloilo.

Cherehani yake haipo. Ameiuza ili acheze ile kamari ya simu ninayoitangaza kwenye TV. Ameiuza, Analyn!

Wala hakunigombeza. Kanipakulia tambi, kaniuliza, "Mwanangu, wewe huwa unashindaje?"

Nikamwambia ukweli: "Mwalimu, mimi sijawahi kucheza hata siku moja."

Akaniangalia weee. "Sasa mbona ulituambia tucheze?"

Mbona ulituambia tucheze!

Nikampigia meneja wangu palepale, nikamwambia sisaini tena mkataba wa kamari. Akacheka: "Sawa, bibie. Ila tangazo litaendelea kuonyeshwa mpaka Desemba."

Mwalimu amesikia yote. Kainuka taratibu, kazima TV, kasema, "Kula, mwanangu."