Shemeji Yako na Mbio za Pekupeku

Shoga, acha unachofanya. Shemeji yako katuaibisha mtaa mzima.

Jana kasoma kwenye simu eti viatu vinadhoofisha miguu. Yeye, fundi viatu! Basi asubuhi hii katoka kukimbia pekupeku kwenye ile barabara ya kokoto.

Sasa fikiria, unafagia zako nje, unaona mtu mzima anapita mbio, hana viatu, macho yamemtoka kwa sababu kokoto zinamchoma. Utauliza? Watu hawakuuliza. Walikimbia!

Kinyozi kaacha mteja kanyolewa nusu kichwa. Mama mkwe wangu, na lile goti lake unalolijua, katupa mkongojo kawapita wote!

Shemeji yako kugeuka, anaona mtaa mzima uko nyuma yake. Akadhani kaitiwa mwizi. Ndiyo kwanza akaongeza mbio, akapenya kwenye michongoma, akaingia ndani akajifungia.

"Nimewakosea nini jamani?" anapiga kelele dirishani.

"Sisi tunakikimbia hicho unachokikimbia wewe!" kinyozi anajibu, mashine bado mkononi.

Unachokikimbia wewe, shoga! Mbavu sina.

"Nilikuwa nafanya mazoezi," anasema.

Watu wakaanza kutazama miguu yao. Ndala zote zimekatika kanda njiani.

Hapa ninapokuandikia, foleni ya ndala imefika getini, na fundi mwenyewe kalala kifudifudi, mama yake anamchomoa miiba kwa sindano ile ile ya kushonea viatu.